Nilimwita Nyumbani Farasi Akiwa Bado na Jasho

Mimi ndiye mkosaji. Naanza na hilo usije ukanionea huruma kabla hujasikia nilichofanya. Nilidanganya kwamba mama mkwe wangu amezidiwa, na yeye mzima kabisa, na uongo huo ukaua mnyama asiye na kosa na kuniharibia ndoa. Aki hata kuandika naona haya.

Nimeolewa hapa Rusinga. Kwetu ni upande wa Asumbi, ndiyo maana mume wangu alikuwa akiniita Nyar Asumbi, binti wa Asumbi, hasa akiwa na furaha. Siku hizi haniiti hivyo.

Alikuwa amepata kazi mahali pa wageni kando ya ziwa, hapa hapa kisiwani. Kazi yenyewe ilikuwa farasi. Jike mmoja wa kahawia aliyeitwa Sukari, mwenye nywele ndefu shingoni. Wageni wa wikendi walilipa kumpanda ufuoni wakipigwa picha, mume wangu akishika kamba. Wakishaenda, yeye ndiye alibaki kumtunza.

Kwenye huko kumtunza ndipo mimi nilikwama. Wageni waliondoka jua likiwa bado juu, lakini mume wangu alifika nyumbani giza likiingia. Nikimuuliza alikuwa wapi, ananiambia alikuwa akimtembeza Sukari polepole apoe, kisha akamtoa tandiko, akamfuta jasho, akampiga brashi, akatoa mawe kwenye kwato, akaangalia mgongo kama umechubuka. Eti farasi akiwa bado moto huwezi kumwachia chakula na maji ajishibie tu. Eti!

Sasa wewe niambie. Mimi nimelelewa na ng'ombe wa kulima. Ng'ombe akimaliza shamba unamfungua nira, anaenda zake kula nyasi. Punda wa maji ukimtua mitungi anajibingirisha kwenye vumbi, anasimama, kwisha maneno. Nani amewahi kuona punda akichanwa nywele? Nikasema moyoni, huyu mwanamume ananiona mimi mjinga.

Nikaanza kuchunguza. Vaseline yangu ilikuwa inapungua na mimi sijaipaka. Kitana changu kikubwa kikapotea. Halafu sweta yake ikarudi na nywele ndefu za kahawia, na kule jikoni kwa wageni kulikuwa na mpishi mmoja mwanamke kutoka Migori, ameshonea nywele za rangi hiyo hiyo. Wueh! Rafiki yangu ambaye tunaanika omena pamoja, wale dagaa wa ziwani, alizichukua zile za kwenye sweta akazizungusha kwenye kidole, akacheka, akaniuliza ni farasi gani huyo anajipaka mafuta. Nilicheka na yeye, lakini kifua kilikuwa kinawaka.

Na mume wangu alinialika jameni! Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Aliniambia nikitoka misa nipitie kule nione mwenyewe, hata nimshike Sukari shingo. Mimi nikaona ni mtego. Nikasema amejua namshuku, kwa hivyo siku hiyo mpishi atakuwa ameambiwa akae mbali. Nikakataa kwenda. Unaona vile shaka inamfanya mtu? Akinificha, ni mwongo. Akinionyesha, ni mwongo zaidi.

Jumamosi iliyofuata wageni walikuwa wengi. Nilingoja mpaka nikajua sasa wameondoka na huko kupoesha farasi kumeanza. Nikachukua simu. Nilijiambia nitamfumania leo, kwa sababu mtu akiitwa kwa mamake hana nafasi ya kupanga uongo.

"Baba Vivian," nikamwambia, "Mama amezidiwa. Njoo sasa hivi."

Hakuuliza hata swali moja. Nilisikia ndoo ikianguka, kisha simu ikakatika.

Mama mwenyewe alikuwa nyuma ya jikoni akichambua mboga za osuga za jioni.

Mume wangu alifika na boda, shati limelowa, kitambaa cha kumfutia farasi jasho bado kiko mkononi. Akamwona mamake amesimama na mboga kwenye ungo. Akaniangalia. Mimi badala ya kuona aibu nilimvuta shati nikaanza kumnusa, mbele ya mamake! Alinuka jasho la mnyama tu. Hata hapo nikasema amejipaka makusudi. Nikamuuliza yule mwanamke wa Migori anampa nini.

Akaongea polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto. "Nyar Asumbi, nimemwacha na tandiko mgongoni. Ako moto sana. Nimemfunga karibu na gunia la pumba na pipa la maji. Niache nirudi."

Mimi nikasikia mtu anayetaka kurudi kwa mpenzi wake. Nikamng'ang'ania shati, nikapiga nduru.

Hapo ndipo niliharibu kabisa. Mwenye boda alikuwa ameshasema njiani kwamba mama wa boma letu yuko hali mbaya. Watu waliposikia nduru, walijua ameaga. Wanawake wakaingia uani wakilia, mikono kichwani, wengine wamejifunga leso kiunoni, na Mama amesimama pale pale akiwaangalia wakimlilia. Ungo ukamponyoka. Akakaa chini. Mume wangu angemwachaje mamake katika hali hiyo? Alishika mkono wake, akajibu maswali ya watu, na kila mara alikuwa anageuza shingo upande wa ziwa. Alipopata nafasi ya kuondoka, giza lilikuwa limeingia.

Asubuhi nilienda kule kwa mara ya kwanza. Sukari alikuwa amelala chini, tumbo limejaa kama ngoma. Alikuwa amekula pumba akiwa bado moto, akanywa pipa zima la maji, tumbo likamkaza, akaanguka na kujibingiriza na tandiko mgongoni. Mume wangu alimtembeza usiku kucha akimwombea. Daktari wa mifugo alikuja kutoka Homa Bay kulipokucha, akafika Sukari ameshakufa.

Kwenye ukuta wa banda kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kitana changu, kimejaa nywele za kahawia. Kopo la Vaseline lilikuwa kando ya brashi. Alikuwa akimpaka mahali tandiko lilimchubua. Yule mpishi wa Migori alimletea mume wangu chai, akanimiminia na mimi, akanipa pole. Hakujua ni mimi niliyesababisha. Niliinywa ile chai.

Mume wangu alifutwa kazi siku hiyo hiyo. Hakunipiga, hakunitukana. Sasa yuko Migori anaendesha boda, anakuja nyumbani mara moja moja. Na Mama hali chakula changu tena. Anasema mkono wa aliyemwita mgonjwa akiwa mzima hautampikia. Anapika mwenyewe, na macho yake hayaoni vizuri moshi ukiwa mwingi.

Juzi binti yetu Vivian alishikwa na malaria mbaya, akaanza kutapika. Nikapiga simu Migori nikilia. Upande ule nikasikia pikipiki zikipita.

"Mpe Mama simu," akasema.

Nilibeba simu mpaka jikoni kwake nikampa. Mama akaniangalia kwanza, akamwangalia mtoto mgongoni kwangu, ndipo akasema kwenye simu, "En adier." Ni kweli. Hapo ndipo baba ya mtoto wangu aliamini mtoto wake ni mgonjwa.

Dada unayesoma hii na roho inakusumbua, labda na wewe umeokota unywele mahali. Sikwambii umwamini kila mwanamume, hapana. Nakwambia enda ukaone na macho yako kabla hujafungua mdomo, na usiutume ugonjwa wa uongo ukufanyie upelelezi. Kutoka mlangoni kwangu hadi lile banda la farasi ni mwendo wa kuteremka tu mpaka ziwani. Hata sufuria ya maharagwe haingeungua kabla sijarudi.