Felisita: Nilivutwa na mkanda, sasa nalinda wenzangu

Jua bado halijapanda juu ya paa la kiwanda, na injini haijawashwa. Felisita Mhoja anapita katikati ya mashine za kuchambua pamba, amevaa ovaroli ya bluu na kitambaa alichokibana kichwani. Anatikisa kila kinga ya bati iliyofunika mikanda. Anainama, anachungulia chini, anasogea. Kwenye mashine ya mwisho anasimama.

"Mwangaluka, mayu," mwanamume anayefuta mafuta mikononi anamsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, Malimi. Leo umefunga vizuri. Wabeja."

Wabeja ni asante ya Kisukuma, na Felisita anasema haitoshi kwa mtu huyu. Miaka miwili iliyopita, Malimi Jeremia ndiye aliyemtoa kwenye mkanda wa mashine hii hii.

Felisita, mwenye umri wa miaka 43, ni mzaliwa wa Ipililo, wilayani Maswa. Alikuja Bariadi alipoolewa, akalima pamba na mumewe hadi mume alipofariki. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, kiwanda hiki kilitafuta vibarua, naye akapata kazi ya kufagia.

"Wanunuzi walikuwa wengi, kila mmoja anataka kumuwahi mwenzake," anakumbuka. "Mashine hazikuzimwa hata tukiwa chini yake tunafagia. Mimi nilikuwa na gauni na khanga, kama wenzangu wote. Khanga ikashikwa na mkanda. Sikuelewa kitu, niliona tu naenda."

Malimi alimkumbatia kiunoni, akakita mguu kwenye chuma cha mashine, akavuta. Khanga na gauni vilichanika, ndipo mkono uliokuwa umeingia kwenye mkanda ukatoka, umevunjika na umechunika ngozi kuanzia kiwiko hadi kifundo.

"Nilidhani nimemuua kwa kumvuta," anasema Malimi.

Felisita alirudi kazini mkono ukiwa umepona, ila haukunjuki wote. Mwanzoni mwa msimu huu, kiwanda kilipoarifiwa kwamba mkaguzi wa usalama kazini atakuja, meneja Yakobo Magese alimwita ofisini.

"Nilimwambia asimamie usalama," anaeleza meneja. "Nikisema mimi, watu wanaona natafuta makosa. Akisema Felisita, wanautazama ule mkono, wanasikiliza."

Alianza na mavazi. Khanga zikabaki getini, zikaja ovaroli. Akaomba ndoo za mchanga kila kona, maana vumbi la pamba hushika moto upesi. Akatundika kipande cha reli karibu na mlango: kikigongwa, mtu wa injini anazima bila kuuliza sababu. Na kila mkanda ukafunikwa kwa kinga ya bati iliyokazwa kwa boliti.

Hapo kwenye kinga ndipo alipokwaruzana na mtu aliyeokoa uhai wake.

Ilikuwa wiki ya ukaguzi. Pamba ilijaa uwanjani na malori yalipanga foleni hadi barabarani. Mashine ya Malimi ilikabwa na pamba. Akafungua kinga akaisafisha, kisha akaendelea kufanya kazi bila kuirudisha.

"Nilimwambia airudishe. Akasema baadaye. Nikamwambia tena, akanipa mgongo," anasema Felisita.

Injini ni moja kwa mashine zote, kwa hiyo kuzima moja ni kuzima kiwanda kizima. Felisita akaenda mlangoni, akagonga reli. Kimya kikatanda. Nje, madereva wakaanza kupiga kelele.

Malimi akamjia kwa hasira. "Felisita, mkono uliogongea hiyo reli nimeuokoa mimi!"

"Ni wewe, kaka yangu. Na wa kwako atauokoa nani?"

Anasema alijibu hivyo huku machozi yanamtoka. Meneja alipofika, wote walitegemea ataamuru kazi iendelee. Magese alitazama malori, akatazama mashine. "Fungeni kinga kwanza," akasema, akaenda mwenyewe kuzungumza na madereva.

Malimi aliifunga, na siku ile hawakuagana.

Kesho yake alikuja mapema, akamkuta Felisita anafagia. "Sikatai kinga," alimwambia. "Nakataa hizi boliti. Kuzifungua na kuzifunga kunakula muda kuliko kusafisha kwenyewe. Wekeni bawaba na komeo. Injini ikizimwa nafungua, nasafisha, nafunga."

Felisita alimpeleka kwa meneja wakati huo huo. Fundi wa kuchomelea akaitwa kutoka mjini, na kinga zote zikawekewa bawaba kabla mkaguzi hajafika.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mpole, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Hakumuuliza Felisita wala meneja. Alimsimamisha Nyanjige, kibarua wa kufagia, akamuuliza angefanya nini kama mwenzake angevutwa na mkanda.

Nyanjige alitupa ufagio, akakimbia, akagonga reli. Injini ikazimwa.

"Nilijua amenielewa," anasema Felisita, na anacheka hadi anashika mbavu.

Makosa hayakukosekana. Marobota ya pamba yalikuwa yameziba mlango wa nyuma, na vumbi lilikuwa limelala juu ya boriti za paa. Mkaguzi aliwapa muda wa kurekebisha. Hawakungoja, jioni ile ile meneja alikunja mikono ya shati, akayasogeza marobota pamoja na wapakiaji.

Leo Felisita anawataja kama mtu anayesali: Malimi, meneja, Nyanjige, muuguzi aliyemfunga mkono. "Mungu angeweza kuniacha," anasema. "Ameniacha hai nikiwa na watu."

Anataka kila zamu iwe na mtu aliyesomea huduma ya kwanza. Anataka pia vitambaa vya kuziba pua, kwa sababu kikohozi cha vumbi bado kinawasumbua.

Lakini lililo moyoni zaidi ni la binti yake, Evalina, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akiomba kazi hapa.

"Niliapa mtoto wangu hataingia kwenye hili jengo nikiwa hai," anasema Felisita, akifunga vifungo vya ovaroli. "Wiki iliyopita nimemwambia aje. Nimemuombea nafasi kwenye mashine ya Malimi."