Nilimutoa Mama-Mukwe Inje Juu ya Foto

Admin, ficha jina yangu na ya kijiji, juu shemeji yangu anasomaka hii page. Niko mwanaume wa miaka 34. Nilizaliwa Kongo, ninaishi Nchelenge, na kazi yangu ni kutembeza bageni mu bijiji bya zamani, tangu pembeni ya ziwa mupaka kule Mwansabombwe na Mofwe. Muke yangu ni wa mu kijiji kimoja cha kule Mofwe.

Kijiji chao ni kizuri, sikatai. Nyumba za udongo za wakati wa bankambo, babu za babu zao, na kuta zimepakwa mistari na samaki kwa udongo mweupe, mwekundu na mweusi. Mama-mukwe yangu njo alibakia peke yake anajua ile kazi. Kila mwaka mvua ikiisha anapaka upya, kwa vidole.

Uso yake sikuwa nimeiona hata siku moja. Njo desturi: mupaka familia ya muke ikupikie ile karamu kubwa banaita matebeto, weye na mama-mukwe hamuonani, hamusemezani. Nikipita anajifunika kitenge, mi ninageuza njia. Na musinitetee eti niko mugeni, sikujua. Kwetu Kongo pia mama-mukwe anaheshimiwa vile vile. Matebeto yetu ilipangwa mutoto akizaliwa. Muke yangu ana mimba ya miezi saba.

Mwezi uliopita nilileta bageni bane kutoka Lusaka. Balipenda zile kuta, weee! Mumoja akauliza, "Mwenye kupaka iko wapi? Tumupige foto mbele ya kazi yake." Nikasema kwa majivuno, "Ni mama ya muke yangu!" Bakapiga makofi, kichwa ikanivimba. Muke yangu alibakia kwetu Nchelenge, ku shamba. Nikaenda mwenyewe ku mulango, nikasema kwa hii kinywa yangu, "Mama, tokeni kidogo, ni dakika moja tu."

Akajibu ndani, pole pole, "Bamukwe, nitatoka namna gani na nyinyi muko hapo?"

"Bageni banatoka mbali, mama. Musinipatishe haya."

Mi njo nilisema vile. Haya yangu mimi!

Akatoka, kitenge juu ya kichwa. Mugeni mumoja mwanamuke, bila ubaya, akakivuta akicheka, "Mama, tuone uso!" Kitenge kikaanguka. Tukaangaliana, mi na yeye. Iko na macho ya muke yangu kabisa. Akapiga magoti pale chini, akafunika mudomo na mukono. Bakapiga foto. Mi nikasema, "Asante, mama."

Kesho yake shemeji alipiga simu: mama amechukua maji na gunia, amefuta ukuta yote, kumebakia udongo tu. Muke yangu akafunga nguo zake. Aliniambia, "Mama anasema mwanaume aliyemutoa inje haiko mukwe, ni mutu wa kupita. Basi na mi ninarudi kwetu." Nililia sana, bandugu. Tangu ile siku hashiki simu yangu.

Nikamufuata mushenga, ule muzee aliyeniombea muke, aende kuniombea na musamaha. Akakataa: "Nilikuombea muke na hii kinywa. Kinywa ingine sina."

Sasa nimebakia peke yangu. Musamaha wa kweli ni kwenda kupiga magoti mbele yake. Lakini kusimama mbele yake njo kosa yenyewe! Nikienda, ninamutoa inje mara ya pili. Nikikaa, mutoto yangu atazaliwa mu nyumba ambamo mi ni mutu wa kupita.

Na ile foto bageni baliiweka ku Facebook. Batu bengi sana banaandika, "Angalieni mama anavyocheka, mupaka anafunika mudomo!"

Hacheki. Nilikuwa pale.

Bandugu, bamama zaidi, nyinyi muko na bakwe: niende ao nikae? Nishaurini, mimba haingojei.