Siku Niliyoificha Habari ya Mvua

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na nisingependa kufa nayo bila kukusimulia. Si siku ya kujivunia. Lakini mzee anayesimulia mazuri yake tu hafundishi, anajisifu.

Nilikuwa mke mpya, sijatimiza miaka miwili tangu niolewe katika kitongoji hiki chetu cha upande wa Vuga. Mume wangu alikuwa seremala mjini Lushoto, akija nyumbani Alhamisi jioni na kurudi Jumamosi. Mimi nilibaki na mama mkwe, Mungu amrehemu, tukilima maharage na viazi huko mteremkoni. Ili nisijione mpweke, mume wangu aliniletea redio ndogo ya betri. Kitongoji kizima kilikuwa na redio mbili tu, na ile ya pili ilikuwa mbovu.

Msimu mmoja wa vuli redio ikatangaza kwamba watu wa hali ya hewa wanatarajia mvua kubwa kwa siku mbili huku kwetu milimani. Nikazunguka nyumba kwa nyumba, hata chai sijanywa. Watu wakanisikiliza. Wengine waling'oa viazi vikiwa bado vidogo, wakihofu vitaoza ardhini. Wengine wakapeleka mbuzi wao kwa ndugu wanaokaa mbali na bonde. Halafu, mwanangu, jua likawaka siku nne mfululizo.

Pale tunapochota maji wanawake wakanipa jina. "Mama Redio," waliniita, "leo tuanike au tuanue?" Nami nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilikuwa naungua. Nilikuwa na umri ule ambao mtu anaona heri augue kuliko achekwe. Nikajiapia kwamba kuanzia siku hiyo redio ingesema na mimi peke yangu.

Ikaja masika. Asubuhi moja nilikuwa nachambua maharage mlangoni, mama mkwe ameshakwenda shambani, redio ikatoa tena tahadhari. Safari hii mtangazaji alisema taratibu, akarudia mara mbili: mvua kubwa inatarajiwa, wanaoishi kwenye miteremko mikali na mabondeni wachukue hadhari, udongo unaweza kuporomoka. Nikanyoosha mkono, nikaizima.

Kabla sijauondoa mkono juu ya redio, akapita Bi Salome.

Huyu alikuwa mjane wa Kilutheri, jirani yetu wa chini, na nyumba yake ilikaa chini kabisa ya mteremko, mahali ambapo shamba la juu lilikuwa limekatwa miti yote. Alifuga ng'ombe mmoja wa bandani, akimkatia majani kila asubuhi na kumsemesha kama binadamu. Katika watu wote wa kitongoji, yeye peke yake hakuwahi kuniita Mama Redio.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Akatua mzigo wa majani, akapangusa shingo. "Goti langu linaniuma tangu jana. Redio yako imesema nini leo?"

Hakuniuliza kwa mzaha. Aliuliza kama mtu anavyomuuliza mganga. Nami nikamtazama usoni nikasema, "Haijasema kitu, bibi. Nyimbo tu."

"Haya, tunashukuru," akasema, akajitwisha majani yake, akateremka.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na siku hiyo mawingu yalikuwepo, yamelala juu ya msitu tangu alfajiri. Hata mimi niliyaona. Ilipofika alasiri mvua ikaanza. Ikanyesha jioni, ikakesha, ikaendelea siku ya pili bila kupumzika. Nilipokwenda kuchota maji nikakuta chemchemi imegeuka rangi, maji mazito mekundu. Nilitaka kumwambia mtu. Lakini nitaanzia wapi, na jana nilisema ni nyimbo tu? Uongo una tabia hiyo, mwanangu. Ukiuingiza ndani, unakaa mlangoni na kuuzuia ukweli usitoke.

Saa tisa mchana wa siku ile ya pili tulisikia mlio. Haukuwa mkubwa kama unavyodhani. Ulikuwa kama gunia la mahindi linalomwagwa sakafuni, ila haukuisha upesi. Mama mkwe aliinuka akasema neno moja tu, "Salome," akatoka na jembe, na mimi nyuma yake.

Mteremko ulikuwa umeteleza na migomba yake. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya Bi Salome umeanguka ndani, na banda la ng'ombe halikuonekana, limefukiwa na tope. Wanaume walikuja na majembe, wanawake tukazoa tope kwa sufuria na mikono. Mwanamke mmoja aliyenicheka kuliko wote pale majini alikuwa kando yangu, kucha zinamtoka damu, analia na kuchimba. Tulimpata Bi Salome bandani, yu hai, mti wa paa umembana mguu. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshika kamba ya ng'ombe. Ng'ombe alikuwa amekufa.

Walimbeba kwa machela hadi hospitali. Mguu uliungwa, lakini haukunyooka tena. Yeye aliyekuwa akipanda mlima kwenda kanisani kila Jumapili, hakuupanda tena kwa miguu yake.

Siku tatu sikula. Mama mkwe akaniuliza, nikamwambia yote. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Hawa, walikucheka. Sawa. Hebu nionyeshe kidonda cha kicheko kile. Kiko wapi?"

Nikakiri kwamba hakipo.

"Cha Salome nimekiona," akasema. "Mjumbe hauawi, mwanangu. Huchekwa tu, tena kesho yake wanasahau. Sasa nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi sitakwenda kukusemea."

Bi Salome alikuwa amehamishiwa kwa binti yake, si mbali. Nilimkuta amekaa kitandani, mguu umefungwa. Nikapiga magoti, nikamwambia kwamba siku ile redio ilisema, na mimi nilimficha kwa kuogopa kuchekwa.

Akautazama mguu wake. Nilitamani anitukane.

"Ungeniambia, ningehama?" akasema. "Sijui. Mimi ni mbishi, marehemu mume wangu alilijua hilo. Pengine ningekataa kumwacha ng'ombe. Lakini kukataa au kukubali ilikuwa haki yangu, Hawa. Wewe uliichukua."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi tangu hapo, na sijasikia neno lililonipata kama hilo. Nilikuwa nikidhani nimeficha habari ya mvua. Kumbe nilimnyang'anya mtu nafasi ya kujiamulia maisha yake.

Kisha akanyoosha mkono, akanishika kichwani kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa. "Usilie tena. Nikorogee uji, binti yangu anautia sukari nyingi mno."

Tangu siku hiyo nikawa nakwenda kwake kila asubuhi baada ya taarifa ya habari, namweleza redio ilivyosema, mvua au jua. Mwaka mwingine ikatolewa tahadhari kubwa. Nikapiga hodi mlango kwa mlango tena, na vijana wakambeba Bi Salome hadi shule ya msingi ya kule juu penye tambarare. Tukalala huko siku mbili. Halikudondoka hata tone. Nikamwendea kwa aibu, nikamkuta amekaa kwenye dawati la watoto, anatafuna hindi la kuchoma.

"Bibi, imekosea tena," nikamwambia.

"Imekosea vizuri," akanijibu. "Iendelee kukosea hivi hivi mpaka nizeeke." Akacheka, na shule nzima ikacheka, na kile kicheko mwanangu hakikuniuma popote.

Sasa nisikilize. Leo kila mfuko una simu, na tahadhari zinakufikia kabla wingu halijafika. Msidhani kwa sababu hiyo kila mtu amezipata. Yupo asiyeweza kusoma, yupo asiyesikia vizuri, yupo ambaye simu yake imezima tangu juzi. Ukipata habari ya mvua kubwa, ya upepo mkali au ya mto kujaa, usiilalie. Ipeleke kwa walio chini ya mteremko kwanza. Usiipunguze ili uonekane jasiri, wala usiiongezee chumvi ili uonekane unajua. Iseme kama ulivyoipokea, kila mtu aamue akiwa anajua. Anayetabiri si Mungu, atakosea. Ukihama bure utalalamika kesho yake asubuhi; usipohama, pengine hiyo asubuhi hutaiona. Na ukiona ufa mpya shambani, miti imeinama ilhali hakuna upepo, au maji ya chemchemi yamebadilika rangi ghafla, usisubiri simu. Mlima nao umesema. Ondoka, na mkono wako mmoja umshike mtu.

Na wakikucheka, wacheke. Cheka nao, kisha siku nyingine waambie tena.

Haya, mwanangu. Mola akupe masikio mepesi na ulimi usioogopa. Ardhi unayoikanyaga ikae imara chini yako, mvua zako ziwe za kuotesha, na kila unayemgongea mlango akufungulie kwa heri. Amina.