Kahawa ya kukaa

Wiki iliyopita, kwenye basi la asubuhi kutoka Buffalo kwenda Tonawanda, nilikaa nyuma ya akina mama wawili Wakongo. Mmoja anamhudumia nyumbani bibi mzee mwenye asili ya Uswidi, na alikuwa akimsimulia mwenzake.

"Kila saa ine ya asubui ananiita tukunywe kahawa. Kwao inaitwa fika. Bon, mwezi muzima nilikunywa nikiwa nimesimama, kitambaa mu mukono. Nilizani ananipima kama niko muvivu."

"Na yeye?"

"Alizani simupendi. Siku moja akasukuma kikombe yake kando, akakatala kukunywa mupaka nikae."

Akakaa. Kesho yake akapeleka mandazi. Sasa bibi, ambaye anaandika kitabu cha mapishi ya fika, anayataka mandazi hayo kitabuni, jirani na mikate yake ya mdalasini.

"Akaniuliza unga vikombe ngapi. Nikamuonyesha mukono." Akakunja kiganja kama anayechota unga. "Donc akapima ile unga ya mukono ku mizani, akaandika. Kisha akaongeza chini: hii inakuliwa watu wakiwa wamekaa."

Mwenzake aliuliza kama bibi huyo anahitaji mfanyakazi mwingine.

Mimi nina miaka saba nchi hii, na kahawa yangu yote nimeinywa nikitembea. Siku hiyo kazini nilivuta viti viwili, nikamwita Mrundi ninayefunga naye maboksi. Akaja akivua glavu taratibu.

"Nimekosea nini, kaka?"

"Kaa kwanza," nikamwambia, nikammiminia kahawa.