Baba Barazani kwa Bwana Mkubwa

Baba alipigwa risasi mlangoni pa ghala, gunzi la mahindi mkononi. Askari wa serikali walikuwa wakichoma mji wetu, kaskazini ya mto Sabaki, kwa sababu tulikataa kuwatoa vijana wetu wakabebe mizigo ya vita vya Wazungu. Risasi iling'oa taya. Nililishika kwa kiganja nikijaribu kulirudisha mahali pake, mjinga mimi.

Baba alikuwa katika chama cha wazee wakuu, na mzee wa namna hiyo huchongewa kigango, ubao wa kimo cha mtu, wenye kichwa na kifua. Tulikisimika, tukakifunga vitambaa, na roho yake ikakaa humo. Kisha serikali ikatufukuza tuvuke mto. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi, ndiyo mila yetu, basi tukamwagia baba tembo la mnazi, tukamwacha peke yake. Tulidhani hakuna mwenye akili timamu atakayemgusa.

Mwaka uliofuata nilipeleka kuku Malindi, nyumbani kwa bwana mkubwa wa serikali. Barazani palikuwa pametundikwa pinde zetu na podo zenye mishale. Katikati alisimama baba, karatasi shingoni. Wageni wawili wa Kizungu walikuwa wakimgongagonga kifua kwa fimbo, wakicheka.

"Ni vitu vya vita, dada," mpishi aliniambia polepole. "Vyenda Ulaya, vitiwe kwenye nyumba ya vioo, watu watazame."

Nilitaka kumrudisha nyumbani. Lakini kigango kilichong'olewa hakisimikwi tena, na kumwacha atazamwe na waliomuua sikuweza. Nikatwaa shoka la kuni la mpishi. Pigo la kwanza lilimpata baba shingoni. La pili lilimpata mkononi askari aliyenirukia. Nilisikia mfupa ukivunjika na nilifurahi, sisemi uongo. Walinipiga kwa vitako vya bunduki, meno ya mbele yakatoka, nami bado nakata. Nilipoanguka, baba alikuwa vibanzi tupu.

Walinifunga, kisha wakaniachia. Nilirudi na kibanzi kimoja nilichokificha ndani ya nguo, nikampa mama na kumweleza yote. Nikangoja anilaani.

Hakulia. Alikigeuzageuza, akakitia motoni chini ya chungu, akatukorogea uji, akatugawia sote.

"Kunyweni, wanangu," akasema. "Sasa na waje wamchukue."

Tukanywa. Ulikuwa wa moto, ukaniunguza ufizi.