Mashoto wa Kivulini

Mpe Profesa kibanzi cha jiwe kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Atakigeuza chini ya taa, atakipitisha ulimini kuonja ukali wa chembe zake, kisha atakwambia kilibanduliwa na mkono wa kulia au wa kushoto, na kama aliyekibandua alikuwa fundi au mwanagenzi. Hakuwa anabahatisha. Mtu wa kulia akigonga jiwe hulizungusha upande mmoja, wa mashoto hulizungusha upande wa pili, na lile ganda la nje la jiwe hubaki kwenye kibanzi mahali tofauti. Chuoni walimwita Mama Mawe, naye hakuchukia. Kilichomchukiza ni wale waliomwuliza kama ameshapata dhahabu.

Alifanya kazi katika chumba cha chini kabisa cha jengo, chenye trei za mawe hadi darini na dirisha moja linaloonyesha viatu vya wapita njia. Viatu ndivyo alivyokuwa akiviona mchana kutwa. Nyuso hazikuwa kazi yake.

Umaarufu wake ulitokana na mwamba mmoja. Katika bonde walilochimba kila kiangazi palikuwa na mwamba mkubwa ulioinama, ukatupa kivuli kizuri. Msimu wa kwanza walichimba mbali na hapo, kule mtoni. Miaka baadaye, mvua zikiwa zimeshaleta tope jipya juu ya kila kitu, wakarudi kuchimba chini ya mwamba, na kina cha kiganja tu wakakuta lundo la vibanzi. Chini ya lundo palikuwa na mkaa, na mkaa ulipopimwa ulionekana kuwa wa kale mno. Profesa akavikalia vibanzi vile mwaka mzima. Vyote vilikuwa vya mtu mmoja, vyote vya mkono wa kushoto, na hakuna hata kimoja kilichowahi kukata kitu.

Akambatiza Mashoto, na Mashoto akampandisha ndege.

"Huyu hakuwa na haja ya zana," alikuwa akiwaambia watu kwenye mihadhara. "Alikaa kivulini, kaelekea bondeni, anagonga mawe ili muda uende. Alikuwa anamsubiri mtu, na huyo mtu alichelewa."

Ukumbini hakukosekana wa kuuliza: alikuwa anamsubiri nani? Profesa alitabasamu kwa huzuni, akajibu kwamba hilo mawe hayasemi. Wengine walitoa leso. Sijui kwa nini binadamu humlilia kirahisi hivyo mtu asiyemjua, na aliye naye chumbani hamwoni.

Mara moja tu mambo yalitaka kumwendea kombo. Mtafiti wa chuo kingine alisimama mkutanoni akasema ameona vidoa vya kutu pale jiwe lilipopigwa, kama vya nyundo ya chuma, je, havikumshangaza? Profesa alimjibu kwamba udongo wa bonde lile ni mwekundu, na kwamba anayetaka kujua rangi yake aende akachimbe badala ya kukaa kwenye viti vya watu. Watu wakacheka, mwenzake akakaa chini kama aliyevuliwa nguo. Profesa alirudi nyumbani siku ile akiwa na furaha tele.

Nyumbani alikuwako mume wake. Huyo alikuwa dereva wa mradi tangu msimu ule wa kwanza, mtu wa mizaha, mwenye mikono isiyotulia. Alimwoa Profesa kabla hajawa profesa, akampikia, akamlea binti yao, akampeleka na kumrudisha uwanja wa ndege hata hesabu ikampotea. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, wa vikombe. Mume aliosha vyombo akavipanga kabatini, na mikono ya vikombe vyote ikaelekea upande ambao Profesa aliuona si wake. Kila asubuhi mke alivigeuza huku akinung'unika, na kila usiku mume alivirudisha.

Siku picha za vibanzi zilipotoka gazetini, mume alizitazama muda mrefu.

"Hapa si pale kivulini?" akauliza. "Mbona mimi pale nili..."

"Mume wangu, nina mhadhara kesho," akamkata. "Wewe shika ya gari, ya mawe niachie mimi."

Mume akafunga mdomo, na hilo hakulirudia tena maisha yake yote. Akaanzisha utani badala yake. Profesa akirudi kutoka kazini, alimpokea mkoba mlangoni na kumwuliza, "Mume mwenzangu hajambo?" Profesa alijibu hajambo, akapita.

Mume alikufa kwa moyo, ghafla, mchana, Profesa akiwa safarini anamhutubia nani sijui juu ya Mashoto. Binti yao ndiye aliyemfumba macho.

Baada ya matanga alikuja jirani fundi gari kuomba spana za marehemu. Profesa akalivuta sanduku la vyuma uvunguni, na chini ya spana akakuta kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha grisi. Lilikuwa jiwe. Kabla hajalitazama vizuri, vidole vyake vilishalijua: jiwe mama, yaani lile linalobaki mkononi baada ya kubanduliwa vibanzi. Tena lilikuwa jiwe la mtoni, lenye mshipa mweupe kama ule wa vibanzi vya Mashoto. Kando yake palikuwa na nyundo ndogo ya chuma iliyomeguka pembe.

Aliishia kumpa fundi sanduku zima, akabaki na jiwe na nyundo.

Katika chumba kile cha chini alizitoa trei za Mashoto, akaanza kurudishia. Kurudishia ni kazi ya subira: unakitafutia kila kibanzi kovu lake kwenye jiwe mama. Siku hiyo haikuhitaji subira. Kibanzi cha kwanza kiliingia mahali pake kikalia tik, cha pili kikafuata, na mshipa mweupe ukaungana kutoka kimoja hadi kingine bila kuruka. Kwenye kila pigo palikuwa na kile kidoa cha kutu. Akakaa sakafuni.

Hata hapo alitapatapa. Pengine mume aliliokota tu. Pengine lilikuwa limeshagongwa zamani, yeye akalitia mfukoni kama watu wanavyookota vitu. Ilibaki njia moja ya kujua: marehemu alitumia mkono gani? Akafumba macho amwone. Akamwona kwenye usukani, kisogo tu, kwa sababu siku zote alikaa nyuma na ramani zake. Akamwona mezani, na kati yao rundo la karatasi. Mikono hakuiona. Yeye, mwenye kuujua mkono wa mtu aliyekufa kabla ya majina kuwako.

Akampigia binti yake.

"Mwanangu, baba yako alikuwa anatumia mkono gani?"

"Kwa nini?"

"Nijibu tu."

"Mama, unaniuliza mimi? Uliishi naye wewe."

"Nimesahau."

"Hukusahau. Hukuwahi kutazama." "Baba alikuwa mashoto, mama. Vile vikombe ulidhani anakukomoa?"

Profesa akakata simu. Aliumia, na aliona aibu, na juu ya yote alimkasirikia yule mume: alijua, akamwachia asimame mbele ya dunia nzima na kokoto zake, akaishia kutania. Hasira ilipotulia akakumbuka ni nani aliyemnyamazisha.

Makumbusho yalikuwa yakijiandaa kufungua ukumbi wa Mashoto, na jina la Profesa limeshachorwa mlangoni, zawadi ya kustaafu. Akaenda kumwona mkurugenzi, akamweleza yote: mkaa ulikuwa wa kale kweli, lakini vibanzi vilivyoangukia juu yake vilikuwa vya marehemu mumewe.

"Nani mwingine anajua?" mkurugenzi akauliza taratibu.

"Hakuna."

"Basi mama yangu, si tungenyamaza tu? Umebakiza nini, kustaafu ule pensheni yako."

Profesa alitikisa kichwa. Mtu akisimulia habari hii asimfanye shujaa. Hakuwa na ujasiri wowote. Alichoka tu kusikia sifa za Mashoto.

Mlango ukapakwa rangi upya. Mtafiti wa kutu alipewa kiti cha Profesa kwenye kamati ya makumbusho. Wanafunzi wakapata kichekesho cha kuwatosha vizazi viwili. Na kwa kuwa vitu vya juzi havina nafasi ghalani, mkurugenzi akamwita Profesa aje kuchukua kokoto zake, zimetiwa kwenye katoni la sabuni.

"Samahani, nina swali moja, si la kazi," alisema akimkabidhi. "Ulisema alikuwa anamsubiri mtu. Hilo nalo ulikosea?"

"Hilo sikukosea."

"Sasa alikuwa anamsubiri nani?"

Profesa alilikumbatia katoni. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

"Mimi," akasema. "Nilikuwa mtoni, natafuta mawe."