Wimbo Alimokuwamo Speciose

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Jambo la kwanza ninalowafundisha watoto darasani ni kwamba habari ni habari na hadithi ni hadithi, wasichanganye. Hili ninalokuambia ni habari. Lilinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Kinyinya, asubuhi na jua linawaka, nikiwa nimekunywa chai na mkate. Sikuwa na homa wala usingizi. Ukitaka kucheka, cheka sasa, ukimaliza unisikilize.

Nilikuwa naimba katika kwaya ya parokia yetu. Nilijiunga miaka miwili iliyopita, nikawekwa sauti ya kwanza, kwa sababu sauti yangu ilikuwa nyembamba na inapanda bila shida. Kiongozi wetu ni Mzee Deo, aliyekulia Bujumbura. Yeye ndiye anayetunga nyimbo, ndiye anayepiga kinanda, na ana ugonjwa mmoja: anarekodi kila kitu. Kila zoezi, kila misa, kila harusi. Na kila aliponunua kompyuta mpya alimwaga humo vyote vilivyokuwa kwenye ile ya zamani, halafu vya kwenye flashi, halafu vya kwenye simu, mpaka wimbo mmoja ukawa umelala mahali kumi. Diski yake ikajaa, ikakataa kupokea hata faili moja.

Alhamisi moja baada ya zoezi akanipa ile diski, ameifunga kwenye soksi.

"Mwalimu," akasema, "wewe uko na subira. Nisafishie hii kitu, kila wimbo ibaki moja tu. Kuna moja natafuta tangu mwezi jana, siioni. Zimekuwa nyingi kama nzige."

Sikumuuliza ni upi. Mpaka leo najiuliza ningepungukiwa nini kama ningemuuliza.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Unajua inavyokuwa: watu wote wa mtaa wanatoka na majembe kuzibua mitaro na kufyeka, maduka yamefungwa, hakuna gari, hakuna moto, zile pikipiki za abiria, barabarani. Hata yale majengo yanayojengwa jirani yetu, yanayotupigia nyundo kutwa nzima, yalikuwa kimya. Mume wangu akachukua jembe akaenda. Mimi nilisema mguu unaniuma. Ulikuwa hauumi. Nilitaka tu kumaliza ile kazi, basi nikafunga mlango kwa komeo, nikavuta pazia ili kiongozi wa mtaa asinione, nikakaa na laptopu. Mtu aliyejificha hakai akatulia. Kila jani likianguka nilikuwa nainua kichwa.

Nilikuwa na programu inayotafuta nakala. Inakuletea faili mbili mbili, jina na jina, urefu na urefu, wewe unaweka alama kwenye ile ya kufuta. Mwanzoni nilizisikiliza zote, kwa uaminifu kabisa. Baada ya jozi ishirini nikachoka. Wimbo ule ule, mara mbili, na ule ule tena, nani angeendelea? Nikajiambia: jina moja, urefu mmoja hadi sekunde, hiyo ni nakala. Nikaweka alama kwenye faili moja ya kila jozi iliyobaki, nikabonyeza kufuta. Zikaingia kwenye pipa la taka la kompyuta.

Hapo ndipo mlango ukagongwa.

Nilidhani ni kiongozi wa mtaa. Nikachungulia pembeni ya pazia nikaona msichana, labda wa miaka ishirini na mitano, mikono ameikunja kifuani. Nikafungua haraka nikamwingiza, nikarudisha komeo, maana sikutaka mlango wangu uonekane wazi saa ile.

"Mwaramutse, dada," akanisalimu.

Nikamwitikia, nikamwonyesha kiti. Niamini, kitu cha kwanza nilichokiona ni viatu vyake. Ulikuwa mwezi wa saba. Kinyinya mwezi wa saba vumbi jekundu linaingia hata kwenye sukari. Viatu vyake vilikuwa vya kitambaa, vyeupe, na vilikuwa vyeupe kweli kweli. Hakukuwa na moto siku hiyo. Alipandaje huu mlima wetu? Nilijiuliza hivyo, kisha nikaliacha swali lipite. Mtu hapendi kujiuliza maswali ya namna hiyo nyumbani kwake.

"Ile wimbo ingine umepereka wapi?" akaniuliza.

"Wimbo gani?"

"Ya Mzee Deo. *Tumechota Tukashiba*. Iko mbili."

"Zilikuwa nakala," nikamwambia. "Mzee amesema kila wimbo ubaki mmoja. Yeye ndiye aliyekutuma?"

Akatikisa kichwa. "Iko mbili, dada, lakini si moja. Moja niko ndani. Ingine siko."

Hakuongea kwa hasira. Alikuwa anaongea kama mtu anayemweleza mgeni njia. Nikamkaribisha chai, akasema hapana. Basi, ili aondoke, nikafungua pipa la taka, nikautafuta wimbo, nikaupata: dakika nne na sekunde kumi na mbili. Nikaurudisha mahali pake, nikauchezesha.

Kinanda kikaanza, wakaingia wanawake. Kisha ikaingia sauti ya pili, sauti nzito ya msichana, imetulia, imewabeba wenzake wote kama kigoda. Sikuwahi kuisikia sauti ile katika kwaya yetu. Nikamtazama mgeni. Alikuwa anaimba. Midomo yake ilifuata kila neno, kifua kinapanda pale pale sauti inapovuta pumzi. Lakini kutoka kwake yeye, pale alipoketi, mita moja na mimi, hapakutoka kitu. Sauti yote ilikuwa inatoka kwenye laptopu.

Nikataka kumuuliza kitu, nikausimamisha wimbo.

Naye akaganda. Mdomo wazi, nusu ya neno, kifua hakishuki. Macho yake peke yake ndiyo yaliyokuwa yananitazama.

Wewe ungefanyaje? Mimi mkono wangu ulibonyeza wenyewe, wimbo ukaendelea, naye akaendelea kutoka pale pale kwenye ile nusu ya neno, kama hakuna kilichotokea. Ulipokwisha akafunga mdomo. Akasema, "Usinifute, dada. Kesho kuna mtu atakuja kunichukua."

Nje watu wakapita wanaongea, majembe yanagongana. Nikageuka kwenye dirisha, kufumba na kufumbua tu. Niliporudisha uso, kiti kilikuwa kitupu. Na komeo, nakuapia, lilikuwa bado limefungwa kwa ndani.

Sasa nitakuambia jambo nisilopenda kulisema. Nilikuwa na wimbo ule mbele yangu, mzima. Ningeweza kuuacha. Lakini nilichotaka ni kitu kile kisiwepo ndani ya nyumba yangu. Nikaufuta tena. Nikalimwaga na pipa la taka lote. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo.

Mchana nikampigia Mzee Deo, akaja na matope ya umuganda kwenye buti. Nikamsimulia. Sikufika mbali, nilipotaja viatu vyeupe alikaa chini.

"Speciose," akasema.

Akanieleza polepole. Speciose aliimba sauti ya pili, daima na viatu vile vile vyeupe, kabla mimi sijahamia parokia ile. Aliugua wiki tatu tu, akafariki. Wimbo ule waliurekodi naye mara moja, Alhamisi moja. Baada ya maziko wakaurekodi tena bila yeye, na Mzee alikataa mtu yeyote kuimba nafasi yake. Mdundo wa kinanda ulikuwa ule ule uliohifadhiwa, ndiyo maana nyimbo zote mbili zilikuwa na urefu mmoja hadi sekunde.

"Na ndiyo huo nilikuwa natafuta," akasema. "Mama yake iko Gatsata. Alikuwa nao kwenye simu, simu ikaanguka kwenye beseni ya maji. Nilimwambia kesho Jumapili nitamletea. Iko wapi, Mwalimu?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Alivua kofia akaishika magotini.

Jioni ile ile tukapeleka diski kwa fundi mmoja mjini. Alihangaika nayo saa mbili. Faili nyingi zilirudi. Ule wimbo lilirudi jina lake tu, ndani kimya. Na kompyuta na flashi zake za zamani Mzee alikuwa ameshazigawa.

Jumapili baada ya misa nikaenda Gatsata peke yangu. Mzee alitaka kunisindikiza, nikakataa. Kosa lilikuwa langu. Mama yake Speciose anakaa chumba na sebule, nyuma ya magereji yaliyo juu ya barabara ya Nyabugogo. Ni mama mdogo wa umbo, ana kitenge mabegani, na alikuwa ameweka simu mpya juu ya meza, ameifuta vumbi, tayari kwa wimbo.

Nilimweleza kila kitu nimepiga magoti. Mgeni, viatu, nilivyofuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Swali lake lilikuwa moja.

"Alikuwa amechoka?"

"Hapana, mama. Hakuonekana amechoka."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Wewe uriisikia hiyo wimbo?"

"Mara moja tu, mama."

"Mara moja inatosha. Imba."

Nikamwambia mimi ni sauti ya kwanza, sijui ile ya pili, sina hata uzito wake. Akarudia, akiniita mwanawe, "Imba, mwana wanjye." Ungemkatalia wewe? Nikafungua mdomo kuimba kwa sauti yangu, ile nyembamba, niimbe vibaya, aone, yaishe.

Haikutoka sauti yangu.

Ilitoka chini, kifuani, mahali ambapo sikuwahi kuimbia. Nzito, imetulia. Maneno yalikuja bila mimi kuyatafuta, na pale ambapo Mzee aliandika "Tulipolia ulitusikia", mimi, mwalimu wa Kiswahili niliyelelewa Kigoma, nilisikia mdomo wangu ukisema "turiporia uritusikia". Nilitaka kuacha kuimba. Sikuweza kuacha mpaka wimbo ulipokwisha.

Mama yule alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Alisema ndani ya kitenge, "Ni Speci wanjye." Kisha akaniomba nirudie.

Tangu siku ile naenda Gatsata kila Jumapili. Namwimbia mara mbili, wakati mwingine tatu. Nikitoka pale koo limekauka kama nimemeza majivu, na kila wiki sauti yangu mwenyewe inachelewa zaidi kurudi. Kwaya nimeiacha, nikijaribu sauti ya kwanza inatoka hewa tupu. Darasani niliwasomea watoto kifungu, nikasema "kurara" badala ya "kulala", darasa zima likaangua kicheko, nami nikarudia nikasema hivyo hivyo. Mume wangu alicheka mwanzoni. Sasa nikimpigia simu ananyamaza kidogo kabla ya kuitika, kama mtu anayehakikisha.

Niliwahi kuacha kwenda, wiki moja tu. Nilijiambia nimelipa, inatosha. Jumapili ile sikuweza kukaa. Nilitoka jikoni nikaenda getini, nikatoka getini nikarudi jikoni, nikafagia ua uliofagiwa. Nikikaa, miguu inasimama. Kufika saa kumi jioni mume wangu mwenyewe aliniitia moto, akamlipa dereva, akamwambia, "Mpeleke Gatsata, haraka."

Padri nimemweleza. Aliniombea, akaniuliza kama yule mama anafarijika. Nikasema ndiyo. Akasema basi tuombe hekima. Lakini hekima hiyo haijaniambia kitu kimoja: mama huyu ni mzee, na tangu Pasaka kifua kinamsumbua. Siku hatakuwapo, sauti hii itamwimbia nani? Itatoka, au itakaa? Na kama ni yangu ndiyo iliyotoka kumpisha, imekwenda wapi?

Jirani yake amenipigia mara mbili tangu nianze kukusimulia. Umesikia simu ikiita. Sijaipokea. Nitaipokea nikimaliza.

Kwa hiyo nakuomba kitu kidogo. Najua una simu imejaa, au diski imejaa, na siku moja utakaa kupunguza. Ukikuta mbili zimefanana jina na urefu, usizifute kwa macho. Zisikilize zote, mpaka mwisho, hata kama unachoka. Kama huna muda, ziache zibaki mbili. Na diski ikijaa, ndugu yangu, nunua nyingine.